Mkia wa "Nisubiri Madaba"

Dar es Salaam
9 Januari 1994

Mpendwa Mjomba Makarius,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na mkaza mjomba Kunegunda na wote wa hapo Ruhuwiko. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameanza darasa la kwanza na tayari anataka kunifundisha kusoma. Mama yuko hapa kwangu tangu Novemba, mguu bado unavimba, na analalamika kwamba kaka yake amemnyamazia tangu Noeli.

Mjomba, nina jambo. Kila Jumamosi mchana tunakutana watu sita saba kwenye kibanda cha Kassimu, fundi redio wa Ilala. Tunasikiliza santuri na kanda za zamani, za jazi ya Marekani na za bendi zetu za hapa. Mchezo wetu ni mmoja. Mtu anaweka kanda bila kusema ni ya nani, na wengine wanataja bendi, mwaka, na mpigaji wa kila chombo. Anayekosea ananunua kahawa. Sisi ugonjwa wetu mkubwa ni saksafoni ya baritoni, ile kubwa ya sauti ya chini, kwa sababu bendi chache za nchi hii ziliwahi kuwa nayo.

Mwezi uliopita Kassimu alipata nakala ya utepe wa Mfaranyaki Jazz, mwaka 1968, wimbo "Nisubiri Madaba". Wimbo unapokwisha bendi nzima inanyamaza, halafu baritoni inaendelea peke yake, karibu nusu dakika, inashuka taratibu mpaka inazima. Tumekibatiza kile kipande "Mkia". Mwalimu Zuhura, mwenzetu, alifuta macho.

Sasa kwa kuwa siku hizi kila mtu anaruhusiwa kutoa kanda na kuiuza, tunataka kutoa yetu, nyimbo kumi na mbili za zamani, na majina ya wapigaji yaandikwe kwenye jalada. "Nisubiri Madaba" utakuwa wa kwanza. Lakini boksi la utepe lina jina la bendi tu. Kassimu anashikilia kwamba baritoni ile ni ya mgeni kutoka Kongo, anasema Songea ya mwaka ule haikuwa na mtu wa pumzi namna ile. Mimi nikasema mjomba wangu alikuwa Mfaranyaki Jazz. Wakacheka, wakaniambia kila mtu ana mjomba.

Nimempa Pankrasi, kondakta wa basi, kanda yenye vipande vinne. Sikuandika majina. Isikilize, unijibu umesikia nini.

Mpwa wako,
Dastan


Ruhuwiko, Songea
20 Februari 1994

Kwako mpwa wangu Dastan,

Marahaba. Barua nimeipata na kanda nimeipata, ila Pankrasi aliikalia wiki mbili, anasema ilisahaulika chini ya kiti. Nimemwambia mbele ya abiria wake kwamba mimi si mtu wa kukaliwa. Mimi mzima. Magoti yananisumbua lakini kifua ni kile kile, juzi nilipuliza moto wa mkaza mjomba wako pumzi moja tu ukawaka mpaka akasema Makarius utatuchomea nyumba. Yeye mzima, na mdomo wake mzima. Mahindi yamesimama vizuri ingawa mbolea mwaka huu ni ya kutazama dukani na kurudi nyumbani. Mwambie mama yako mguu aukande kwa maji ya moto na chumvi. Na mwambie sikumnyamazia, yeye ndiye hakujibu.

Sasa. Huyo Kassimu ni nani?

Nauliza nimjue. Nataka kumjua mtu aliyezaliwa juzi, amekaa Ilala anachomelea nyaya, anaeneza habari kwamba Songea haikuwa na mtu wa kupuliza. Mwulize baba yake alikuwa wapi mwaka 1968. Kama alikuwa hai basi alicheza dansi kwa pumzi yangu, hata kama hakujua.

Nilikwenda kwa jirani yangu Leonce, mfuga nguruwe mwenye redio kaseti, maana yangu imeharibiwa na betri zilizovuja. Tulikaa uani asubuhi, mimi na Leonce, na mkaza mjomba wako akichambua likolo, mboga ya mchana, huku anajifanya hasikii. Andika majibu yangu na uwasomee hao wenzako wakiwa wamesimama.

Kipande cha kwanza ni Mmarekani, na ni baritoni ya kweli. Mtu mnene, na anapuliza akiwa amekaa. Mtu akisimama sauti ya chini inapita magotini kwanza. Ya huyu inatoka kwenye kiti.

Kipande cha pili mlinitega mkidhani mimi ni mzee. Ile si baritoni. Ile ni saksafoni ya tena, ndogo yake, inajitutumua, imeshuka mpaka ilipoweza halafu inaomba radhi. Leonce akabisha, nikamwambia, "Leonce, wewe nguruwe unawajua. Kaa hukohuko kwa nguruwe." Akanuna, lakini tulipoirudia akasema kweli.

Kipande cha tatu ni wapigaji wawili wamepokezana. Wa kwanza fundi. Wa pili anavuta tumbaku ya kukunja, na kama bado yu hai nitashangaa.

Kipande cha nne ni mimi.

Nimejuaje? Nikwambie, maana vitu hivi havimo katika vitabu vya Kassimu. Saksafoni inalizwa na ulimi, kile kijiti chembamba kinachofungwa pale pa kutia mdomo. Mwaka ule ndimi za dukani zilikuwa hazifiki Songea. Wapulizaji wenzangu ulimi ukipasuka wanaufunga uzi kama kidole cha mtoto, wanalia lia. Mimi nilipanda gari mpaka Madaba, nikachagua mwanzi wa ulanzi uliokomaa, nikauchonga kwa wembe na kigae cha chupa siku tatu. Hakuna aliyenifundisha. Ulimi wa ulanzi haulii msafi mwanzoni. Unakwaruza kwanza, krrr, kama jogoo anasafisha koo, ndipo sauti inakuja. Mwambie Kassimu atege sikio pale mwimbaji anapotaja Madaba mara ya kwanza. Akishasikia krrr, aniambie ni Mkongo gani alikuja Madaba kuchonga ulanzi na mimi nisimwone.

Kupuliza nilianza na miaka kumi na miwili, bendi ya misheni, pembe ya besi iliyokuwa nzito kuliko mimi. Baadaye kutoka Mbinga mpaka Njombe hapakuwa na baritoni nyingine. Si kwamba nilikuwa bora kuliko wengine. Wengine hawakuwapo.

Kwa hiyo andika: Baritoni, Makarius Luambano.

Lakini nina sharti moja. Mkia kateni. Wimbo unakwisha pale bendi inaponyamaza. Kinachofuata si wimbo, kikatwe kitupwe. Mkikiacha, basi toa jina langu, mwandikeni huyo Mkongo wenu awafurahishe. Jina langu na mkia ule havikai kwenye karatasi moja. Na usiniulize kwa nini.

Mjomba wako mwenye pumzi yake,
Makarius Luambano


Dar es Salaam
13 Machi 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo yake. Mama ameukanda mguu kama ulivyoagiza na amepata nafuu, ila hataki kusema kwamba ni dawa yako. Mvua imeingia ndani, godoro tumelianika siku mbili.

Jumamosi niliwasomea barua yako na walisimama kweli. Vipande vitatu vyote umepatia. Kassimu alirudisha "Nisubiri Madaba" mara tano, akaweka sikio kwenye spika, akasema, "Krrr ipo." Akanunua kahawa ya watu wote bila kuambiwa. Mjomba, nilijisikia mrefu.

Shida ni mkia. Bila mkia wimbo ule ni mzuri kama nyingine hamsini. Mkia ndio unaotufanya tuuweke wa kwanza. Kassimu sasa ana hoja mpya. Anasema, "Mjomba wako ni wa kweli mpaka bendi inaponyamaza. Pale mwishoni si yeye. Mpigaji gani anaomba akatwe pale alipopiga vizuri kuliko pote?" Zuhura akambishia kwamba krrr imo hata ndani ya mkia. Wameniangalia mimi.

Nilimwuliza mama. Akasema, "Mwulize mwenyewe, mimi mwaka ule nilikuwa Maposeni nikilea." Lakini alicheka kidogo kabla ya kujibu. Je, ni kweli kwamba uliacha bendi mwaka uleule wa 1968?

Najua ulisema nisiulize. Naomba radhi nikiwa nauliza.

Dastan


Ruhuwiko, Songea
10 Aprili 1994

Dastan,

Pasaka tumeila. Mkaza mjomba wako amekohoa wiki nzima ila sasa anaweza tena kunigombeza. Ng'ombe wa Leonce ameingia katika mahindi yangu na nimemwambia Leonce nitamla, na simaanishi Leonce. Salamu zimekwisha.

Nilikwambia usiniulize. Unajua maana ya usiniulize? Au huko Dar neno hilo nalo limeuzwa? Siku hizi kila kitu kinauzwa, suruali za Wazungu waliokufa, maji ndani ya chupa, na sasa sauti za watu. Mtu alipuliza zamani, amekaa kwake amenyamaza, mnakuja kumchimbua na kumwuliza kwa nini mwisho ulikuwa hivi. Ninyi hamna kazi? Jumamosi mchana mwanaume mzima anaweka sikio kwenye spika!

Mama yako amecheka. Vizuri. Mwambie nimesikia kwamba amecheka.

Niliacha bendi kwa hiari yangu. Andika hivyo kama unataka kuandika. Nilichoka. Mtu aliyepuliza sikukuu ya Uhuru tangu asubuhi hadi jioni bila kushusha chombo, mtu ambaye Mbinga watu walivunja mlango wa ukumbi ili wamsikie, mtu huyo anaruhusiwa kuchoka. Nikawaachia bendi yao, ikafa katika mwaka mmoja. Pima mwenyewe.

Na jambo moja nalisema sasa kabla hujalifikiria. Usithubutu kumwandikia Alfani. Nakujua, wewe ni mtu wa kuandika andika. Alfani Daimu wa Tunduru ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi na mpiga gitaa la solo, kama kukuna nyuzi ni kupiga. Sasa ana duka la mitumba na korosho karibu na soko hapa mjini, ameota tumbo. Mimi na yeye hatujasalimiana miaka ishirini na sita. Akipita upande huu wa barabara mimi napita ule, na kama ule una matope napita katika matope. Mwaka jana alipofiwa na mkewe nilikwenda msibani, maana marehemu hakunikosea. Nilimpa mkono kila mtu pale isipokuwa yeye. Sasa uelewe.

Ukimwandikia mtu huyo, siku nikifa usipande basi kuja. Kaa huko usikilize kanda.

Kata mkia. Au toa jina. Hayo mawili tu.

M. Luambano


Dar es Salaam
29 Mei 1994

Mjomba Makarius,

Shikamoo. Nimekaa wiki saba bila kuandika kwa sababu kila nilipoanza niliona aibu. Sote hatujambo. Mama anatembea bila fimbo. Amesikitika kusikia kuhusu kikohozi cha mkaza mjomba, ametuma kitenge, kipo kwa Pankrasi, mwulize mapema.

Nimemwandikia mzee Alfani.

Sikutaka kukudharau. Jalada linapelekwa kwa mpiga chapa tarehe thelathini Juni na wenzangu wameniambia niamue. Nikifuta jina lako, nimemficha mjomba wangu mwenyewe. Nikikata mkia, nimekata kitu bora kuliko vyote tulivyosikia. Nilidhani kiongozi wa bendi atasema neno moja la kunisaidia, basi. Alijibu ndani ya siku kumi, kwa taipu. Nakunakilia usije ukasema nimeongeza langu:

"Kijana wangu, nimefurahi kwamba vijana wa leo wana masikio. Hicho mnachokiita mkia nilikitunga mimi. Mpiga baritoni wetu, Bwana Luambano, alikuwa mtu wa misheni, mtiifu, hodari wa kufuata maelekezo, lakini kutunga hakukuwa fungu lake. Nilimwagiza aendelee peke yake baada ya sisi kunyamaza, na ashuke taratibu. Akafanya kama nilivyomwelekeza, namsifu kwa hilo. Andikeni: Mkia, utunzi na maelekezo ya Alfani Daimu. Baritoni, Luambano."

Kassimu ameridhika kabisa. Anasema sasa kila kitu kimeeleweka, kwamba ulitaka ukatwe kwa sababu haukuwa wako.

Mjomba, mimi siamini barua hii. Lakini sina nyingine. Usiponiandikia kabla ya mwisho wa Juni nitalazimika kuweka alivyosema kiongozi wa bendi.

Samahani sana.
Dastan


Ruhuwiko, Songea
14 Juni 1994

Dastan,

Salamu utazikuta mwisho, leo siwezi kuanza nazo.

Mtiifu! Mimi!

Barua yako niliisoma nimesimama pale stendi, Pankrasi ananiuliza mzee vipi mbona umebadilika rangi. Kitenge nilikiacha mikononi mwake. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka dukani kwa Alfani, na magoti haya haya, na sikuyasikia.

Duka lilikuwa limejaa akina mama wanachagua magauni. Yeye amekaa kwenye kiti cha kuzunguka anakula korosho. Akaniona. Akasema, "Karibu, Luambano. Miaka ishirini na sita hujanikaribia. Nikupimie koti?"

Nikasema, "Sikuja kuvaa vya marehemu. Nani aliniagiza?"

"Kukuagiza nini?"

"Unajua ni nini. Umeandika Dar kwa taipu kwamba uliniagiza. Nasema mbele ya mama hawa, Alfani, wewe hujawahi kuniagiza hata chumvi."

Akaweka korosho chini. Akapangusa mikono. Mtu yule hana haraka, hilo ndilo nililolichukia tangu zamani. Akasema, "Haya. Hukuagizwa. Basi waambie mama hawa ulikuwa unafanya nini. Sisi sote tumenyamaza, utepe unazunguka, wewe peke yako unapuliza. Kama si agizo langu, ni nini? Sema, tunakusikiliza."

Akina mama wakaacha kuchagua. Mmoja alikuwa ameingiza kichwa kwenye gauni, akabaki humo humo anasikiliza.

Dastan, pale ndipo nilipoona alivyonishika. Nikisema niliagizwa, mkia ni wake, na mimi ni bomba ambalo yeye alipulizia. Nikisema nilitunga mwenyewe, ni uongo, na yeye anajua ni uongo, na atausema kwa sauti. Lilibaki jambo moja ambalo sijawahi kulisema kwa mdomo wangu, hata kwa mkaza mjomba wako, ingawa anajua.

Nikasema, "Nilikosea!" Nilisema kwa sauti ya baritoni, maana hata fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alitoka nje. "Nilikosea, na kosa ni langu, wewe hukuwamo!"

Sasa nakueleza wewe, uelewe mara moja, sitarudia.

Kule misheni Bruda aliyeongoza bendi alitufundisha hivi. Mkono wake ukiwa juu, puliza. Ukishuka, nyamaza. Hakukuwa na alama nyingine. Siku ya maandamano ya Ekaristi mkono ulikaa juu kutoka kanisani mpaka makaburini na kurudi, nyuki wakamwingia mwenzangu ndani ya kofia, na yeye akapuliza na mimi nikapuliza. Aliyeacha kabla ya mkono kushuka alikula peke yake nje wiki nzima. Mimi sikuwahi kula nje. Sasa kule redioni Dar, tulipokwenda kurekodi, nyuma ya kioo, alikuwapo fundi wa mitambo. Aliwaeleza wenzangu alama zake asubuhi, wakati mimi nipo uani nauchonga ulimi. Kwake yeye mkono ukienda juu, muda umekwisha, malizeni. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, nilikuwa Makarius Luambano, ningeuliza nini?

Akanyanyua mkono. Wenzangu wakamaliza. Mimi nikaona mkono uko juu, nikapuliza. Nikasubiri ushuke. Haukushuka! Yule fundi ameduwaa, mkono umemgandia hewani, anamtazama Alfani, Alfani ananitazama mimi, na hakuna awezaye kusema neno kwa sababu utepe unazunguka. Nikadhani wenzangu wameusahau wimbo wameniachia mimi. Nikasema nisipoendelea Songea yote imeaibika. Nikaanza kushuka, taratibu, natafuta pa kuiweka sauti, kila ninapogusa si penyewe, nashuka tena. Zile sauti mnazozilia huko Ilala ni za mtu anayeogopa. Pumzi ikaisha. Ndipo fundi akashusha mkono, akajishika kichwa. Bendi nyingine ilikuwa mlangoni inasubiri zamu yake, kurudia hakukuwapo.

Tulipofika Makambako tukirudi, Alfani alinivua baritoni shingoni mbele ya wenzangu, akasema chombo ni cha bendi. Kumbe hata jina walishanipa ndani ya basi. Wimbo ulipopigwa redioni, mtaa wote wa Mfaranyaki ulikuwa umeshapewa habari. Waliniita Mkono Juu. Nikipita mtu ananyanyua mkono, nikiingia kilabuni wananyanyua wote. Padri alipobariki kanisani nilidhani na yeye. Ndiyo hiari yangu niliyokwambia nimeacha nayo.

Turudi dukani. Nilipokwisha kusema, nilitegemea Alfani anyanyue mkono. Hakunyanyua. Aliangalia korosho zake. Akasema, sasa si kwa taipu, "Luambano, na mimi ningefanya nini? Yule kijana ameandika mwalimu wa watu amelia. Nimwandikie kwamba amelilia kosa?"

Nikamwambia, "Ndiyo! Mwandikie!"

"Usingenikasirikia?"

"Ningekukasirikia. Lakini ungekuwa umesema kweli."

Halafu, sikiliza ujeuri wa mtu huyu, akasema, "Nimeusikia tena mwezi uliopita, mwanangu Hassani aliniletea kwenye kanda. Miaka yote nilikuwa nazima redio ukifika pale. Safari hii sikuzima. Ni mzuri, bwana. Nilitamani uwe wangu."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya mwizi, nikakuta mwizi anasifia mali. Hasira haikuisha. Ilikosa mahali pa kukaa tu, nikarudi nayo nyumbani, na hapa ninapoandika ninayo, na wewe una fungu lako ndani yake kwa kuniasi. Sikumpa mkono. Kamwe. Nilimwambia kwaheri, na hiyo imetosha kwa mwaka huu.

Jioni nilikwenda kwa Leonce. Nikamwambia weka kipande cha nne, uache kiende mpaka mwisho. Mimi mwenyewe kila mara nilikuwa namwambia azime. Ukaenda mpaka mwisho. Leonce akauliza, "Hapa unataka kusema nini?" Nikamwambia sitaki kusema kitu, natafuta pa kutulia. Akasema, "Hata mimi nimeona." Mtu wa nguruwe, Dastan, na ameona. Nikamwomba arudishe, tukasikiliza tena, na mkaza mjomba wako akaja akakaa, na safari hii hakujifanya hasikii.

Sasa andika kama nitakavyokwambia. Nimeiandika mara tatu kwa mkono wangu mpaka karatasi zimekwisha humu ndani, usibadili hata nukta:

"Nisubiri Madaba. Mfaranyaki Jazz, 1968. Baritoni, Makarius Luambano. Sehemu ya mwisho alipuliza peke yake kwa kukosea. Hakuagizwa na mtu yeyote."

Neno kukosea lisiwe la herufi ndogo kuliko jina langu. Kassimu akisema linaharibu jalada, mwambie yeye atoe kanda yake.

Na mkia msiukate hata unywele.

Kitenge Pankrasi amekileta mwenyewe mpaka nyumbani, mkaza mjomba wako amekivaa na anamshukuru wifi yake. Mimi mzima. Mahindi tumeanza kuvuna. Mwambie mama yako sasa ana ruhusa ya kukusimulia yale aliyoyacheka, ila asiongeze chumvi, maana na mimi ninayo ya kwake ya Maposeni.

Alfani akileta tena taipu, mjibu hivi: akitaka kosa, afanye la kwake.

Mjomba wako,
Makarius Luambano